Homa ya siku ya tano si ya kubahatisha

Leo naomba tuweke siasa na mpira pembeni kidogo, tuzungumze habari za watoto. Najua wengi wenu hamjaanza hata kulea, bado mnasaka maisha mjini. Lakini kila mmoja hapa ana mdogo wake, mpwa wake au mtoto wa jirani. Na siku mtoto huyo akizidiwa usiku, simu ya kwanza anapigiwa yule mwenye elimu kidogo katika ukoo. Yaani wewe.

Hebu tuanze na hadithi tunayoijua sote. Mtoto wa miaka miwili ana homa. Siku ya kwanza anapewa Panadol. Siku ya pili mtu anatumwa duka la dawa, anarudi na chupa ya antibayotiki ya maji. Siku ya tatu anapimwa malaria, hana. Basi, ni UTI. Siku ya nne macho yanakuwa mekundu, wanasema ni macho tu, atiwe dawa ya matone. Siku ya tano anatoka vipele, wanasema dawa imemkataa, abadilishiwe. Siku ya sita midomo imepasuka, wanasema hanywi maji. Kila aliyesema kasema jambo linaloingia akilini. Lakini hakuna hata mmoja aliyesimama akajumlisha.

Hoja yangu leo ni hiyo hiyo ya kujumlisha. Kuna ugonjwa wa watoto ambao hauna kipimo kimoja cha kuupata. Haupo kwenye kile kijiti cha malaria, haupo kwenye mkojo, haupo kwenye darubini. Unapatikana kwa mtu mmoja kukaa chini, kuhesabu siku za homa na kujumlisha dalili ambazo kila moja peke yake inaonekana ya kawaida. Sisi katika kuhesabu siku ni wavivu. Tunahesabu dozi, hatuhesabu siku.

Ugonjwa wenyewe unaitwa Kawasaki. Hapana, hauhusiani na pikipiki. Umepewa jina la daktari wa watoto wa Kijapani, Tomisaku Kawasaki, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Msalaba Mwekundu jijini Tokyo. Nitarudi kwake, maana historia yake ina somo. Kwanza tuelewane ni ugonjwa wa namna gani.

Madaktari wana neno moja kubwa, vaskulitisi. Maana yake ni kuvimba na kuumia kwa kuta za mishipa ya damu. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inageuka na kushambulia mishipa ya mwenye mwili. Mishipa iko kila mahali, kwa hiyo vaskulitisi inaweza kujionyesha popote: kwenye ngozi, figo, utumbo, macho, moyo. Ndiyo maana inawachanganya watu. Mtoto anaonekana ana magonjwa matano, kumbe ana mmoja uliopita njia tano.

Kwa watoto, aina mbili ndizo zinazoonekana zaidi ya nyingine zote. Moja inaitwa vaskulitisi ya IgA, zamani ikijulikana kama ugonjwa wa Henoch na Schönlein. Ya pili ndiyo hii Kawasaki. Ya kwanza mara nyingi ina huruma. Hii ya pili haina, kwa sababu inapenda mishipa midogo inayolisha moyo wenyewe.

Sasa turudi Tokyo. Mwezi Januari 1961, Dk. Kawasaki alimpokea mtoto wa kiume wa miaka 4 na miezi 3. Homa haishuki, macho mekundu, midomo imekauka na kupasuka, ulimi mwekundu, vipele, mikono na miguu imevimba. Alitafuta kwenye vitabu, hakuona jina. Mtoto akapona akaenda nyumbani, na daktari akaandika kwamba hajui ugonjwa ule ni nini. Mwaka uliofuata akaja mwingine wa namna ile ile. Akaanza kuwaweka pamoja. Wenzake wengi walimwambia hakuna jipya hapo, hayo ni magonjwa ya zamani yaliyojichanganya. Yeye akaendelea kuhesabu. Mwaka 1967 alichapisha kwa Kijapani maelezo ya watoto 50. Dunia inayosoma Kiingereza iliyapata mwaka 1974.

Angalieni vizuri hapo. Hakuwa na mashine ya ajabu. Alikuwa na macho, daftari na subira. Alifariki Juni 2020 akiwa na miaka 95, na hadi leo chanzo halisi cha ugonjwa wenye jina lake hakijajulikana. Lakini watoto wasiohesabika wamepona kwa sababu mtu mmoja alikataa kusema "ni vipele tu."

Mwanzoni hata yeye alidhani ni ugonjwa unaokuja na kuondoka bila kuacha deni. Baadaye ilijulikana kwamba baadhi ya watoto waliosemekana wamepona walikufa ghafla, na walipopasuliwa kuchunguzwa, mishipa ya moyo ilikutwa imetanuka kama puto na kuziba kwa damu iliyoganda. Hapo ndipo Japani ilishtuka.

Dalili zenyewe ni hizi, na ninaomba mzisome polepole. Ya kwanza ni homa, kali, ya siku 5 au zaidi, isiyosikia dawa. Kisha kuna tano nyingine. Macho yote mawili kuwa mekundu bila usaha wala tongotongo nyingi. Midomo mikavu, myekundu, inayopasuka, na ulimi mwekundu wenye vinundu. Vipele mwilini. Viganja na nyayo kuvimba au kuwa vyekundu, na wiki ya pili au ya tatu ngozi ya ncha za vidole kuanza kubanduka. Na tezi ya shingoni kuvimba, mara nyingi upande mmoja, ikizidi sentimita 1.5. Homa hiyo pamoja na 4 kati ya hizo 5, daktari anayejua kazi yake anaanza kutibu.

Tatizo ni kwamba haziji siku moja. Macho yanaweza kuwa mekundu Jumatatu na kutulia Alhamisi, vipele vikatokea Jumatano na kupotea Ijumaa. Aliyemwona mtoto Jumatatu aliona macho. Aliyemwona Ijumaa aliona midomo. Kila mmoja kaona kipande. Aliyeona yote ni mmoja tu, mama mtoto, na yeye ndiye ambaye hatumwulizi vizuri.

Kuna dalili moja zaidi ambayo kwetu ingetufaa sana. Kwa watoto wadogo waliochanjwa chanjo ya kifua kikuu, lile kovu la begani linaweza kuvimba na kuwa jekundu tena. Madaktari wa Japani wanaijua hii na wameiingiza kwenye vigezo vyao. Wamarekani hawaioni kwa sababu watoto wao hawapewi chanjo hiyo. Watoto wetu wanapewa tangu wanazaliwa. Kovu liko pale pale mkononi, bure, ni kulitazama tu.

Na ngozi zetu je? Vitabu vingi vinasema "wekundu," lakini wekundu kwenye ngozi nyeusi hauonekani kama kwenye picha za vitabu hivyo. Vipele vinaweza kuonekana kama ukwaruzo tu, au rangi iliyokolea kidogo. Kwa hiyo kwetu mahali pa kutazama zaidi ni macho, midomo, ulimi, viganja na nyayo. Hapo mwili hauwezi kuficha.

Haya, nani yuko hatarini? Umri kwanza. Karibu 4 kati ya kila wagonjwa 5 wana umri chini ya miaka 5. Wavulana wanaupata zaidi ya wasichana, takriban mara moja na nusu. Ndugu wa tumbo moja na mtoto aliyewahi kuugua wana hatari kama mara 10 ya watoto wengine, na mtoto ambaye mzazi wake aliugua utotoni naye hatari yake inapanda. Hapo unaona mkono wa vinasaba.

Asili nayo ina nafasi. Japani ndiyo inayoongoza duniani: mwaka 2018 ilihesabu zaidi ya watoto 17,000, kiwango cha zaidi ya 300 kwa kila watoto 100,000 walio chini ya miaka 5. Hawaii, ambako wajukuu na vitukuu wa Wajapani wanaishi na kula tofauti kabisa na Tokyo, watoto wa asili hiyo bado wanaugua zaidi ya majirani zao. Kwa hiyo si hewa ya Tokyo peke yake.

Lakini vinasaba peke yake havitoshi. Japani ilipata milipuko ya nchi nzima mwaka 1979, 1982 na 1986, na vinasaba havilipuki. Kisha ikaja Uviko. Mwaka 2020 watu walipovaa barakoa na shule zikafungwa, wagonjwa wa Kawasaki Japani walishuka hadi kama 11,000. Wataalamu wengi wanaona picha hii: mtoto anazaliwa na mwelekeo fulani, kisha anakutana na kitu, pengine kijidudu cha kawaida cha njia ya hewa, na kinga yake inapitiliza. Ugonjwa wenyewe hauambukizi. Mtoto mwenye Kawasaki hamwambukizi mwenzake shuleni. Nasisitiza hili kwa sababu najua tulivyo wepesi wa kunyanyapaa.

Hapa ndipo nataka kubishana na watu. Nilipowaambia wenzangu kazini kwamba naandika juu ya Kawasaki, mmoja akacheka: "Huo si ugonjwa wa Wajapani? Wewe andika malaria." Wengine wakatikisa kichwa kukubali. Kwa heshima zote, hoja hiyo ni mbovu.

Nitawaambia kwa nini. Marekani, ambako watoto wa mataifa yote wanatazamwa na hospitali zinazofanana, takwimu za mwaka 2006 za watoto waliolazwa zilionyesha kwamba wenye asili ya Asia na visiwa vya Pasifiki ndio wa kwanza. Wa pili ni nani? Watoto Weusi, kwa 17.5 kwa kila watoto 100,000 chini ya miaka 5. Watoto Wazungu walikuwa 12.0. Kwa maneno mengine, ukimpeleka mtoto mwenye asili ya Afrika mahali ambako ugonjwa huu unatafutwa, unaonekana. Sasa kama kwetu hauonekani, maswali ni mawili: je, haupo, au hautafutwi? Mimi naegemea la pili zaidi. Ugonjwa usio na kipimo, unaofanana na surua, unaofanana na mzio wa dawa, katika nchi ambako kila homa ina jina kabla mtoto hajavuliwa shati... utaonekanaje?

Tulishapata somo la karibu. Aprili 2020, madaktari wa Uingereza walitoa tahadhari juu ya watoto waliokuwa wakiingia hospitali na homa, vipele, macho mekundu na moyo uliochoka, wiki chache baada ya kupata Uviko. Ulifanana na Kawasaki ingawa ni ugonjwa wake wenyewe. Katika kundi la kwanza la watoto 8 lililoripotiwa kutoka London, 6 walikuwa na asili ya Afrika na Karibiani. Mwaka huo huo madaktari wa Cape Town nao wakaripoti watoto wao. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba kinga za watoto wetu hazijui kupitiliza.

Sasa njooni kwenye mwenendo wa ugonjwa, maana ndiko kwenye mtego.

Wiki ya kwanza hadi ya pili ni homa na zile dalili. Mtoto analia, hashikiki, hataki kula, hana raha hata akibebwa. Usipomtibu, homa hukaa kama siku 11 kwa wastani, wengine wiki tatu. Halafu nini? Halafu inashuka yenyewe! Hata usipofanya chochote. Mtoto anaanza kucheza. Familia inashukuru Mungu, na ile dawa ya mwisho aliyopewa, hata ingekuwa ya minyoo, ndiyo inayosifiwa mtaa mzima. "Ile chupa ya pinki ndiyo iliyomponya."

Kumbe ni wakati huo huo, wiki ya pili hadi ya nne, mtoto akiwa hana homa tena, mishipa ya moyo inatanuka. Chembe sahani za damu, zile zinazogandisha damu mtu akijikata, zinapanda sana. Mshipa umetanuka, damu ina haraka ya kuganda. Hicho ndicho kipindi ambacho kifo cha ghafla kinatisha zaidi, na ndicho kipindi ambacho sisi tumeshasahau kwamba mtoto alikuwa anaumwa.

Bila tiba, takriban mtoto 1 kati ya 4 anabaki na madhara kwenye mishipa hiyo ya moyo. Akitibiwa ndani ya siku 10 tangu homa ianze, inashuka hadi kama 1 kati ya 20 au 25. Someni tena tarakimu hizo. Kati ya 1 kwa 4 na 1 kwa 20, tofauti ni siku kadhaa na mtu mmoja wa kujumlisha.

Tiba yenyewe inaitwa imunoglobulini. Ni kingamwili zilizokusanywa kutoka damu ya wachangiaji zaidi ya elfu moja, zinasafishwa, kisha zinaingizwa kwa dripu ya saa nyingi, gramu 2 kwa kila kilo ya mtoto. Wajapani walionyesha mwaka 1984 kwamba inasaidia, Wamarekani wakathibitisha mwaka 1986. Pamoja nayo mtoto hupewa aspirini kwa uangalizi wa daktari. Tafadhali sana, msikimbilie kumpa mtoto aspirini nyumbani kwa sababu mmesoma kwangu. Aspirini kwa mtoto mwenye mafua makali au tetekuwanga inaweza kumharibu ini na ubongo. Hii si dawa ya kujaribu.

Wengi homa inashuka ndani ya siku moja na nusu. Wachache, kama 10 hadi 20 kwa kila 100, dripu ya kwanza haiwatoshi, wanahitaji nyingine au dawa za ziada, na hawa ndio moyo wao uko hatarini zaidi. Walio hatarini zaidi ya wote ni watoto wachanga, chini ya miezi 6. Hawa ndio wanaoonyesha dalili chache kuliko wote na kuumia mishipa kuliko wote. Ndiyo maana miongozo ya Marekani inasema mtoto mchanga mwenye homa ya siku 7 isiyo na maelezo achunguzwe kwa Kawasaki, hata kama dalili nyingine hazipo.

Na baada ya hapo? Wengi wanapona kabisa. Japani, ambako kila daktari wa watoto anaujua, wanaokufa leo ni chini ya 1 kwa kila 1,000. Hata mishipa iliyotanuka, zaidi ya nusu hurudi kwenye upana wake ndani ya mwaka mmoja au miwili. Ile iliyotanuka kupita kiasi, milimita 8 na zaidi, ndiyo hairudi. Mtoto huyo ataishi na dawa za kuzuia damu kuganda na vipimo vya moyo maisha yake yote.

Asiyejulikana kwamba aliugua je? Huyo anakua. Anamaliza shule, anaanza kazi, anacheza mpira Jumamosi. Mwaka 2012 madaktari wa San Diego, Marekani, walipitia picha za mishipa ya moyo za vijana waliokuwa chini ya miaka 40, waliopelekwa hospitali kwa kushukiwa moyo kukosa damu. Takriban 5 kati ya kila 100 walikuwa na mishipa inayofanana kabisa na makovu ya Kawasaki ya utotoni. Kijana akianguka uwanjani huku kwetu, sisi tunasema "amerogwa" au "presha." Pengine ni homa ya mwaka ambao hakuna anayeukumbuka.

Nimesema aina ya kwanza ina huruma, nisiiache hivi hivi. Vaskulitisi ya IgA huwapata zaidi watoto wa miaka 3 hadi 15, mara nyingi wiki moja hadi tatu baada ya mafua au koo kuuma. Mtoto anatoka madoa ya zambarau kwenye miguu na makalio, madoa ambayo ukiyapapasa yameinuka na ukiyabonyeza hayapotei. Magoti na vifundo vinavimba, tumbo linauma. Wengi wanapona ndani ya wiki 4 hadi 6 bila dawa kubwa, ingawa kwa kama theluthi inarudi tena. Shida yake iko kwenye figo, na figo haipigi kelele. Kwa hiyo mtoto huyu anatakiwa apimwe mkojo na presha mara kwa mara kwa miezi 6 hata kama anaruka kamba. Mnaona? Somo ni lile lile: dalili kuondoka si ugonjwa kuisha.

Sasa tuje nyumbani Bongo. Mwaka 2008 watafiti walichunguza kwa makini watoto 1,005 wenye homa waliofika kwenye kliniki za Dar es Salaam na Ifakara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014 katika jarida kubwa la tiba la Marekani. Malaria ilikutwa kwa asilimia 10.5 tu. Zaidi ya asilimia 60 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na mengi yalikuwa virusi, ambavyo antibayotiki haivigusi. Utafiti ule haukuwa wa Kawasaki, lakini ulituambia jambo la kutuamsha: homa ya mtoto wa Kitanzania ni kitabu, na sisi tulikuwa tumesoma jalada tu.

Tangu hapo kipimo cha haraka cha malaria kimeenea, jambo zuri. Lakini kimeleta tabia mpya. Zamani kila homa ilikuwa malaria. Siku hizi, kijiti kikisema hakuna malaria, tunahamia UTI na taifodi bila hata kupima sawasawa. Tumebadilisha jina, hatujabadilisha akili.

Nasikia mtu anasema: ndugu yangu, watoto wanakufa kwa nimonia, kuharisha na malaria, wewe unatuletea ugonjwa adimu na dripu ya matajiri. Hoja hiyo ina uzito, na siipuuzi. Kama nchi ina shilingi moja, iende kwenye nimonia. Sitabishana. Ila ninachoomba mimi hakianzi na shilingi. Kuhesabu siku ni bure. Na mtu anayehesabu siku za homa hatakamata Kawasaki peke yake. Atakamata kifua kikuu cha mtoto, taifodi ya kweli, usaha uliojificha, saratani ya damu. Yote hayo hujificha nyuma ya sentensi ile ile, "homa inakuja na kuondoka."

Kuhusu dripu ya matajiri: imunoglobulini imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu za watoto, na Kawasaki imetajwa kwa jina humo kuwa moja ya sababu zake. Aspirini nayo imo kwa sababu hiyo hiyo. Dunia imeshakubaliana kwamba hii si anasa. Ni kweli ni ghali, na mtoto wa kilo 12 anahitaji gramu 24, si mchezo. Lakini sisemi iwekwe kila zahanati. Nasema hospitali za rufaa za kanda ziwe na akiba ndogo, ijulikane iko wapi na nani anapigiwa simu. Moyo wa mtoto kupimwa kwa eko nako si ndoto tena, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam tangu 2015 na inatibu watoto. Swali ni mtoto anafikaje pale siku ya saba badala ya mwezi wa saba.

Basi ninachotaka ni hiki. Mzazi, dada, mjomba: siku mtoto anapoanza homa, andika tarehe. Kwenye simu, kwenye kalenda ya ukutani, popote. Macho yakiwa mekundu, piga picha. Vipele vikitoka, piga picha. Tunapiga picha za chipsi mayai, tutashindwaje kupiga picha ya ulimi wa mtoto? Siku ya tano ikifika homa ipo, usirudi duka la dawa. Nenda kwa daktari, mwonyeshe tarehe na picha, na uliza waziwazi: "Daktari, inaweza kuwa Kawasaki?" Si utovu wa nidhamu. Daktari mzuri hachukii swali, na mwenye kuchukia umeshamjua.

Msianze kuogopa kila kipele. Watoto wengi wenye homa na vipele wana virusi vya kawaida na watapona kabla hujamaliza kuandika tarehe ya tatu. Tunamtafuta yule mmoja ambaye siku zinaenda na homa ipo.

Kwa waganga na wauguzi wetu, ambao najua mnaona watoto mia kwa siku moja na kiti kimevunjika: fomu ya mgonjwa iwe na kisanduku kimoja tu, "homa siku ya ngapi?" Kikijazwa namba 5 au zaidi, mtoto avuliwe nguo na atazamwe kuanzia macho hadi nyayo. Dakika tatu.

Na kwetu sisi waandishi: tuache kuandika afya kwa kusubiri siku ya maadhimisho, fulana na hotuba ya mgeni rasmi. Kawasaki haina mgeni rasmi. Isipoandikwa na sisi, itabaki kuwa pikipiki.

Maoni, matusi na masahihisho vyote ruksa, hasa kutoka kwa madaktari mnaopita hapa.

Nawasilisha.